Bandari, umeme na mlango wa Lukuga: kazi za Leta mjini Kalemie tangu 1915

Katika Kiswahili kinachosemwa Kongo, neno la kawaida la kutaja serikali ni Leta. Asili yake ni Kifaransa cha watawala, l'État, lakini sikio la Mswahili halikosi kusikia ndani yake kitenzi kuleta. Wanafunzi wetu wa mwaka wa kwanza hawachoki kufanya mzaha juu ya jambo hilo: Leta ni yule anayeambiwa kila siku alete, wala haleti. Kabla ya Leta jina lilikuwa Bula Matari, yaani mvunja mawe. Stanley alilipata jina hilo katika Kongo ya chini, karibu na mwaka 1880, alipokuwa akivunja majabali ili kupitisha njia. Halafu likamtoka yeye likawa jina la dola nzima pamoja na watumishi wake wote. Jina la kwanza lilizaliwa katika kazi ya barabara. La pili, kwa kosa tamu la sikio, linadai kazi hiyo iendelee. Kwa hiyo hata mtu wa isimu, ambaye hakufunzwa uhandisi, ana haki ya kuuliza mawe hayo yalivunjwa wapi, kwa faida ya nani, na baada ya kuvunjwa yakatunzwa na nani.

Katika makala haya tunakusudia kuuliza maswali hayo mahali pamoja tu, mji wa Kalemie ulio katika ukingo wa magharibi wa ziwa Tanganyika. Zamani za Wabelgiji mji huo uliitwa Albertville. Tangu 2015 ni makao makuu ya jimbo la Tanganyika. Tumeuchagua kwa sababu humo zimekutana kazi tatu za serikali ambazo kwa kawaida husomwa mbalimbali: bandari, umeme, na kinga ya mafuriko. Maoni yetu, tuyaseme mapema ili msomaji ayapime, ni haya: Leta alijua kabisa namna ya kuyatawala maji kila yalipokuwa na bei, yaani yalipobeba mizigo au yalipozungusha mashini. Ila penye mlango wa Lukuga, ambapo maji hayana bei bali yana wakaaji tu, kazi iliandikwa sana vitabuni na kutendwa kidogo.

Ziwa lenye mlango mmoja

Tanganyika ni ziwa la kilomita za mraba 32,900 hivi, na kina chake chafika karibu mita 1,470. Mito mingi huingia humo, mikubwa ikiwa Rusizi kutoka kaskazini na Malagarasi kutoka mashariki. Wa kutoka ni mmoja tu, Lukuga, unaopita kando ya Kalemie na kushuka magharibi hadi Lualaba. Lakini sehemu kubwa sana ya maji ya ziwa haiondoki kwa mto: hupanda hewani kwa jua. Basi Lukuga ni mlango mwembamba katika nyumba kubwa, na ni mlango wenye tabia ya kujifunga.

Tabia hiyo ilijulikana kabla ya serikali yoyote ya Wazungu kukaa huko. Cameron alifika mdomoni mwa Lukuga mwaka 1874, akasema kwamba huo ndio mto wa kutoka, ingawa aliukuta umezibwa na majani. Stanley akaja mwaka 1876, akatazama maji yaliyosimama kati ya matete, akakataa: huu si mto utokao bado, alisema kwa kifupi, ila utakuwa hivyo ziwa likizidi kupanda. Mwaka 1879 Edward Hore, mmisionari wa London Missionary Society aliyekaa Ujiji, aliukuta mto unakwenda kwa nguvu. Wataalamu wa Ulaya wakabishana nani alisema kweli. Kwa kweli wote watatu walisema kweli, kila mmoja kwa mwaka wake. Wakati wa ukavu wa miaka mingi ziwa hushuka, Lukuga hupunguza mwendo, vijito vya pembeni huujaza mchanga, matete na mafunjo huota juu ya mchanga huo, na mlango hufungwa. Mvua zikirudi, ziwa hupanda nyuma ya kizibo hicho mpaka lipate nguvu ya kukivunja. Lilikivunja mwishoni mwa miaka ya 1870. Kisha likashuka mita kumi hivi katika muda usiofika miaka ishirini.

Mita kumi si jambo dogo kwa watu wa pwani. Ngome ya Karema, iliyojengwa na Wabelgiji mwaka 1879 karibu na maji katika nchi ambayo leo ni Tanzania, ilijikuta baada ya muda mfupi iko mbali, ng'ambo ya tambarare ya matope makavu. Ujiji, bandari ya wafanya biashara Waswahili na Waarabu, ilipoteza ufuko wake uliokuwa mzuri, na sababu moja ya Kigoma kupendelewa baadaye ni kwamba Kigoma ina ghuba yenye kina. Tunataja habari hizi kwa makusudi. Mtu yeyote aliyetaka kujenga kitu cha kudumu katika ukingo wa ziwa hili alikuwa tayari na funzo mbele ya macho yake, tena lililoandikwa na wenzake kwa lugha aliyoifahamu.

Bandari iliyozaliwa vitani

Bandari ya Kalemie haikutokana na mpango wa utulivu. Shirika la reli la Maziwa Makuu, lililofahamika kwa herufi CFL, liliundwa mwaka 1902 ili kuunganisha sehemu za Lualaba zinazopitika kwa meli na ziwa Tanganyika. Njia ya kutoka Kabalo, kilomita 273, ilifika ziwani mwaka 1915 ikifuata bonde la Lukuga. Kwa wakati huo vita vya Ulaya vilikuwa vimekwisha kuvuka ziwa. Tarehe 22 Agosti 1914 meli ya Wajerumani, Hedwig von Wissmann, iliishambulia meli ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune, penye pwani ya Lukuga. Mwezi wa Oktoba 1915 wakaja mabaharia wa Kiingereza pamoja na mashua mbili, Mimi na Toutou, zilizosafirishwa kwa reli, kwa kukokotwa porini na kwa mto kutoka Afrika ya Kusini. Walipofika waliona kwamba mdomo wa Lukuga haufai: hauna kina, hauna kificho, na mawimbi huupiga bila kizuizi. Ndipo mawe yakatupwa ziwani kusini kidogo, penye kijito cha Kalemie, ili kutengeneza kimbilio la mashua. Kutoka kimbilio hilo waliiteka Kingani tarehe 26 Desemba 1915 na kuizamisha Hedwig von Wissmann tarehe 9 Februari 1916.

Habari ya mashua hizo imesimuliwa mara nyingi, na kwa kawaida kama kichekesho cha mabaharia waliovuka nchi kavu. Sisi twaitazama kwa upande mwingine. Mahali pa bandari palichaguliwa kwa haraka ya vita, kwa sababu reli iliishia hapo, na reli iliishia hapo kwa sababu bonde la Lukuga ndilo lililokuwa njia rahisi ya kupitia milima. Kwa maneno mengine, mji mzima uliwekwa mlangoni mwa ziwa. Mtu aweza kujenga nyumba yake mlangoni, lakini ajue kwamba mlango hufunguka na kufungwa.

Baada ya vita kazi ilipanuliwa. Kwa mapatano ya mwaka 1921 Uingereza iliwapa Wabelgiji maeneo yao katika bandari za Kigoma na Dar es Salaam, yaliyoitwa Belbase, na toka hapo mizigo ya Kongo ya mashariki ilipita Kalemie, ikavuka ziwa na kufuata reli ya Kigoma hadi Bahari ya Hindi. Gati, mashini za kunyanyulia mizigo, maghala, ukuta wa kuzuia mawimbi: vyote vilipimwa kwa usawa wa maji uliodhaniwa kuwa wa kawaida. Hapo ndipo kosa lilipoanzia, kwa maana ziwa hili halina usawa wa kawaida. Lina usawa wa miaka.

Juu ya mikono iliyofanya kazi hiyo tutasema machache, si kwa kuwa ni jambo dogo bali kwa kuwa lina waandishi wake. Sheria ya mwaka 1933 juu ya wilaya za wenyeji ilimlazimisha mwanamume kufanya kazi za faida ya wote hadi siku 60 kwa mwaka, mashambani, barabarani na penginepo. Kazi ya Leta, kwa mzee aliyezaliwa kabla ya 1945, si neno la heshima kama lilivyo leo kwa mwanafunzi anayetafuta ajira. Utawala wa Mobutu ulipoleta salongo katika miaka ya 1970 ulibadili jina tu. Mzee huyo aliitambua kazi yenyewe mara moja.

Suala la Lukuga

Wahandisi wa kikoloni hawakuwa wajinga, na yatupasa kuwatendea haki. Mwaka 1938 mhandisi E. Devroey alichapisha katika Brussels kitabu kizima juu ya suala la Lukuga, mto utoao maji ya Tanganyika; mwaka 1949 akarudia juu ya namna ya kuufanya usawa wa ziwa usibadilike. Neno alilolitumia lilikuwa stabilisation. Tulipojaribu kulifasiri darasani tulipata kuimarisha, kutuliza, kusimamisha, na kila moja lilileta picha yake. Lililo imara ni nyumba, kinachotulizwa ni hasira, kinachosimamishwa ni gari. Baadhi ya wanafunzi walipendelea kutuliza, na kadiri tulivyosoma zaidi ndivyo tulivyoona kwamba walikuwa na haki. Ziwa hili haliwezi kusimamishwa. Labda laweza kutulizwa.

Kilichojengwa hatimaye ni kizuio kifupi kuukingama mto, chini ya mdomo wake. Kazi yake kubwa ilikuwa kuyazuia maji yasishuke mno, meli zisije zikakwama kwenye mchanga mbele ya gati. Tuutazame vizuri mwelekeo wa fikira hiyo. Hofu iliyotawala ilikuwa ya ukavu, maana ukavu huinyima bandari kazi. Maji mengi, yale yanayoingia katika nyumba za watu, yalikuwa hofu ya pili. Kizuio cha namna hiyo hulinda gati wakati wa kiangazi cha miaka, lakini wakati wa masika ya miaka hakina la kumfaa mkaaji wa pwani. Naye mkaaji wa pwani hakuwa Mzungu, kwa kuwa nyumba za Wazungu zilipandishwa kilimani.

Hapa linganisho moja litatusaidia, nalo halituvushi nje ya maji yale yale. Kaskazini, mahali Rusizi unapotoka katika ziwa Kivu, kilijengwa kizuio cha Mururu pamoja na kituo cha umeme cha megawati 28 hivi, kilichoanza kazi mwishoni mwa miaka ya 1950 ili kuwasha Bukavu na Bujumbura. Kizuio hicho hutawala maji yatokayo Kivu. Mtumishi hufungua au hufunga, na ziwa hufuata. Mwaka 1989, chini yake, kikaja kituo cha pili, kilichojengwa kwa ushirika wa Zaire, Rwanda na Burundi. Ndiyo kusema kwamba maji ya mto mmoja, kabla hayajaingia Tanganyika, yana mabwana, yana vipimo, yana mapatano na yana watumishi wanaolipwa. Yakisha kuingia Tanganyika na kutaka kutoka Lukuga, hakuna anayeyauza, na kwa hiyo hakuna anayeyafungulia wala kuyafungia.

Umeme wa Bendera

Kazi ya pili kubwa ya Kalemie haimo mjini. Iko Bendera, zaidi ya kilomita mia moja kaskazini, ambako mto Kiymbi unaporomoka kutoka milimani. Kituo cha umeme cha huko ni mtoto wa mpango wa miaka kumi uliotangazwa na Wabelgiji mwaka 1949. Kilijengwa na shirika la Forces de l'Est, lile lile la Mururu, kikaanza kazi mwaka 1959, miezi michache kabla ya uhuru. Mashini mbili ziliwekwa, jumla megawati 17.2, na nafasi ikaachwa kwa ajili ya nyingine tatu. Umeme huo ulikusudiwa hasa kwa viwanda, kile cha nguo cha Filtisaf na kile cha saruji cha Kabimba. Mitaa ya mji ilipata kilichobaki. Nafasi ya mashini tatu ingali nafasi.

Bendera ina historia yake ya ajabu, nayo yatufaa sisi wa lugha. Wapiganaji wa mwaka 1965, na Che Guevara aliyekuwa pamoja nao, waliitaja ngome ya mahali hapo kwa jina la Force, au Front de Force. Sioni asili nyingine ya jina hilo ila lile shirika la umeme, Forces de l'Est. Nguvu iliyotajwa ilikuwa ya maji, si ya bunduki, ingawa askari wa serikali walikuwapo kukilinda kituo. Tarehe 29 Juni 1965 wapiganaji wa Kirwanda na wa Kikuba waliishambulia ngome hiyo wakashindwa. Wakuba wanne waliuawa, na karatasi zilizookotwa kwao ziliijulisha serikali kwamba Wakuba wamo nchini. Mashini ziliendelea kuzunguka. Kwa jumla, kati ya kazi zote za Leta katika upande huu wa ziwa, Bendera ndiyo iliyovumilia zaidi, pengine kwa sababu maji yanayoporomoka mlimani hayahitaji bonde pana, na mto Kiymbi hauna ugomvi na mtu.

Mtu ataniambia kwamba kuna Inga. Ni kweli. Inga ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1972, ya pili mwaka 1982, na ule waya mrefu wa kilomita 1,700 na zaidi ukavuka nchi nzima hadi Kolwezi kwa ajili ya migodi ya shaba. Vijiji vingi viliutazama ukipita juu ya mapaa yao. Kalemie haikuwa hata chini ya waya huo. Wakati fedha na fahari ya taifa zilipokwenda Inga, Bendera iliachwa na mashini zake mbili kuzeeka. SNEL iliundwa mwaka 1970 na ikaja kukirithi kituo. Reli na bandari ziliingia mwaka 1974 katika shirika la taifa la reli. Lukuga haikuingia moja kwa moja katika daftari la yeyote kati ya hao wawili: haikuwa gati, wala haikuwa mashini.

Maji ya 1964 na ya miaka hii

Mvua za mwisho wa 1961 zilikuwa za kupita kiasi katika Afrika ya mashariki yote. Ziwa Victoria lilipanda zaidi ya mita mbili. Tanganyika ilipanda polepole zaidi, kwa kawaida yake, ikafika kilele mwaka 1964, karibu na mita 777 juu ya usawa wa bahari. Mwaka huo huo, mwezi wa Juni, mji uliangukia mikononi mwa waasi, na mwishoni mwa Agosti majeshi ya serikali yakaurudia. Labda ndiyo sababu vitabu vya historia vya Kalemie vinaujua mwaka 1964 kwa bunduki, si kwa maji. Wazee wanaujua kwa vyote viwili, na katika mazungumzo huchanganya: maji ilipanda, watu ilikimbia, yote kwa pumzi moja, hata msikilizaji asijue kama walikimbia maji au askari.

Baada ya hapo ziwa likashuka tena. Miaka ya 2000 ilileta hofu ya zamani, hofu ya ukavu. Mwaka 2006 usawa ulikuwa chini sana na bandari za nchi zote nne zililia. Tanzania, Burundi, Zambia na Kongo zilikuwa zimetia sahihi mapatano ya kulitunza ziwa mjini Dar es Salaam mwaka 2003, na kukarabati kizuio cha Lukuga kilichochakaa kukaandikwa katika mipango. Tena msomaji aone mwelekeo: mpango ulizaliwa mwaka wa maji machache, ukalenga kuyazuia yasitoke. Kabla haujatimizwa, ziwa liligeuka. Kuanzia 2019 likapanda. Mwaka 2021, na tena kwa nguvu zaidi mwaka 2024, likarudi karibu na mita 777 zile za 1964. Kalemie, Uvira, Gatumba, Bujumbura: kila mahali nyumba za pwani zilisimama ndani ya maji, barabara zilikatika, bandari zilifunikwa magati. Kwa Kalemie hayo yalikuja juu ya jeraha bichi, kwa maana vita vya 1998 hadi 2003 vilikuwa vimeisimamisha reli kwa miaka na kuijaza mitaa ya pwani watu waliokimbia vijijini. Nilipita huko mwaka 2021. Nguzo za umeme wa Bendera zilikuwa zimesimama ziwani, zikiwa na nyaya zake, na watoto walifunga mitumbwi kwazo.

Je, kizuio kizuri kingeyazuia hayo? Tusidai yasiyo haki. Hesabu ndogo yatosha. Sentimeta moja ya ziwa lote ni mita za ujazo milioni 329. Ili kulishusha mita moja kwa mwaka mmoja, Lukuga ingepaswa kutoa, zaidi ya itoayo sasa, mita za ujazo 1,000 na kitu kila sekunde, mchana na usiku, mwaka mzima. Maji ya kiasi hicho yangepita katika bonde lile lile lenye reli na vijiji, na wanaokaa chini kuelekea Kabalo wangeuliza kwa nini mafuriko ya Kalemie yamehamishiwa kwao. Wale wanaosema katika redio kwamba ichimbwe tu Lukuga, ziwa litatoka, hawajafanya hesabu hii.

Lakini hesabu hiyo hiyo ina upande wa pili. Ziwa hupanda kwa miaka mitano, si kwa usiku mmoja. Lililopanda mwaka 2021 lilianza 2019. Mto uliosafishwa mchanga na matete kila mwaka, na kizuio chenye milango ya kufungua mvua zinapozidi na kufunga zinapokosa, vingeweza kuondoa sentimeta chache kila mwaka. Na katika pwani iliyo tambarare sentimeta chache ni mtaa mzima. Kazi ya namna hiyo haina siku ya uzinduzi wala utepe wa kukata. Ni kazi ya fagio, na Leta wa kila zama amependa nyundo kuliko fagio.

Kuna jambo jingine linalohitaji kusemwa na mtu asiye mhandisi. Nchi nne zikikaa kuzungumza juu ya Lukuga, Zambia yenye bandari ya Mpulungu na Tanzania yenye Kigoma zitakumbuka ukavu wa 2006, Burundi itakumbuka Gatumba, na Kongo itakumbuka kwamba mto uko ndani ya mipaka yake. Usawa gani basi uitwe wa haki? Hilo si swali la mashini. Litajibiwa na wanaojua maji yalifika wapi, mwaka gani, katika ua wa nani.

Kwa sababu hiyo tuna ombi. Vipimo vya bandari vya zamani vimechapishwa kwa sehemu, lakini alama za 1964 zilizo katika kuta, katika miembe na katika kumbukumbu za mitaa ya komini za Lac, Lukuga na Kalemie hazijakusanywa na mtu. Waliokuwa watu wazima mwaka ule sasa wamepita miaka themanini. Mwanafunzi atakayekwenda huko kwa ajili ya kazi ya licence, hata kama mada yake ni fonolojia, achukue kamba ya kupimia pamoja na kinasa sauti, aandike neno kama lilivyosemwa, na apime urefu wa alama kutoka ardhini kabla ukuta haujapakwa chokaa upya. Nakala ziletwe kwa mhariri wa jarida hili.